Magari ya Ijumaa

Kitengo cha Utafiti wa Usafiri,
Dar es Salaam,
8 Julai 1996

Mjomba wangu Mzee Mfaume,

Shikamoo. Naamini kikohozi kimekuachia na kwamba wote wa Mikoroshini ni wazima. Mimi sijambo, na mashine nazo hazijambo, jambo ambalo mkuu wangu, Dakta Haitham, huliulizia kabla ya kuniuliza hali yangu.

Nakushukuru kwa mapokezi ya wiki iliyopita. Mafundi bado wanamsifu yule kuku wa nazi. Lakini siku ile palikuwa na zogo, nami sikueleza mambo kwa utaratibu, hivyo naomba niyaweke hapa kwa maandishi, ili wewe kama mwenyekiti wa kitongoji uwafafanulie wengine. Ile mipira miwili myeusi tuliyoilaza kukatiza barabara mbele ya nyumba yako si kizuizi cha ushuru kama Bibi Mwanahawa alivyodhani. Gurudumu linapoukanyaga mpira, hewa iliyo ndani husukumwa hadi kwenye sanduku la chuma tulilolifunga mkoroshoni, na sanduku huandika hesabu. Lingine kama hilo tumeliweka Kibiti, upande huu wa mto.

Utafiti wangu unahusu mifumo ya usafiri yenye akili na athari zake kwa jamii. Katika nchi za wenzetu barabara huzungumza na dereva: humweleza palipoharibika, palipojaa, na njia mbadala. Ninachokitamani mimi ni ubao wa taa pale Kibiti, utakaomwambia dereva kama pantoni ya Ndundu inavusha na kama udongo wa huko ng'ambo unapitika, kabla hajaondoka na abiria wake. Ila akili hiyo haipelekwi pasipo na magari. Hesabu ya sanduku ndiyo itakayoamua daraja la barabara yetu, yaani cheo chake, na daraja ndilo litakaloamua kama tutapata lami, taa, au tutabaki na mchanga wetu.

Huna haja ya kuuliza kwa nini nilichagua somo hili. Wewe ndiye uliyenilea tangu mwaka ule wa themanini na tisa, mama alipokata roho ndani ya lori lililonasa matopeni, pantoni ikiwa bado mbali. Nilikuwa nimempakata kichwa.

Naomba ulinde mipira. Nawajua watu wa kwetu wanavyopenda mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli.

Wako mtiifu,
Hafidha

~

Mikoroshini, Nyamwage,
Wilaya ya Rufiji,
2 Agosti 1996

Mpwa wangu Hafidha, Bi Mkubwa wa Mipira,

Marahaba, mwanangu. Kikohozi kipo, lakini sasa kinabisha hodi kabla ya kuingia. Barua hii anakuletea Tahiri, yule mwenye lori, ambaye anasema wewe ndiye mtu wa kwanza kutoka kitongoji hiki kulipwa mshahara kwa kutazama magari, kazi ambayo yeye mwenyewe ameifanya bure maisha yake yote pale kijiweni.

Barua yako niliisoma barazani mbele ya watu. Nilipofika pale pa hewa kusukumwa, Bibi Mwanahawa akainua mkono.

“Hilo sanduku linaona kila kitu?”

“Linaona magurudumu tu, Bibi.”

“Miguu je?”

“Miguu hailihusu.”

“Basi sie hatupo,” akasema, akajifunga kanga yake upya. “Maana hapa wapitao kwa magurudumu ni wanunuzi wa korosho na wezi wa magogo. Sie wenyewe twapita kwa miguu.”

Watu walicheka, lakini neno lile lilinikaa. Unajua mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika hadi chama kilipokufa na wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao. Katika miaka hiyo yote nilijifunza jambo moja: mgeni wa serikali akija, hakuti mji mtupu. Tulifagia njia, tukapanga watoto mistari miwili, tukaazima ng'ombe wa jirani ili tuonekane tuna ng'ombe. Nimewaambia watu kwamba safari hii mgeni ni sanduku. Wamenielewa.

Mipira ni salama. Hata siku ya Maulidi, umati wote ule, hakuna aliyeigusa kwa nia mbaya. Mengine utayakuta mwenyewe sandukuni.

Mjomba wako,
Mfaume

~

Dar es Salaam,
14 Oktoba 1996

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sijui niianzie wapi, hivyo nitaianza kwa mpangilio.

Sanduku la Mikoroshini limefunguliwa na hesabu zake zimechambuliwa. Tulitarajia magari machache kuliko ya Kibiti, kwa kuwa mengi huishia huko bila kuvuka mto. Badala yake, siku za Ijumaa mchana Mikoroshini imeipita Kibiti, na imepita hata idadi ambayo pantoni ingeweza kuivusha kwa siku nzima. Fundi alisema sanduku ni bovu. Nikalipima: ni zima kabisa. Dakta Haitham akaniuliza, “Sasa Hafidha, magari haya yanatoka wapi?”

Nilikaa na swali hilo wiki nzima, kisha nikapata jibu. Hayatoki popote, Mjomba. Yako huko huko. Soko huria limezaa safari za ndani, fupi, za mwendo wa polepole na mizigo mizito, kati ya shamba na shamba, kati ya kijiji na mnada. Ofisi zetu hazikuwahi kuziona kwa sababu zilikuwa zikihesabu magari pantoni tu. Ijumaa watu hukusanyika msikitini, na baada ya swala hufanya biashara. Nimeziita “safari zilizofichika”, na sura nzima ya ripoti yangu inazihusu.

Dakta ameisoma mara mbili. Amesema ni mara ya kwanza kwa mtafiti mchanga kumfundisha kitu kuhusu nchi yake mwenyewe. Kwa hesabu hii kipande cha barabara kutoka mtoni hadi kwetu kimependekezwa kupandishwa daraja, na mimi nimependekezwa kwenda Uingereza kwa shahada ya pili. Nafasi ni moja.

Hebu nithibitishie jambo moja kwa ajili ya kielezo cha ripoti: ni biashara gani hasa hufanyika hapo Ijumaa?

Wako mtiifu,
Hafidha

~

Mikoroshini,
30 Oktoba 1996

Mpwa wangu,

Nilipoisoma barua yako kwa sauti, akina mama walipiga vigelegele hadi kuku wakakimbilia shambani. Tumesoma hitima ya mama yako tukakuombea na wewe. Tahiri amekwenda kila mahali akisema “tumefaulu, tumefaulu”, kama kwamba mtihani alifanya yeye.

Kuhusu Ijumaa, andika tu kwamba watu wa Mikoroshini ni watu wa ushirikiano. Hilo ni kweli mbele ya Mungu.

Uingereza kuna baridi. Mwanahawa anakushonea kofia ya uzi, usimcheke.

Mfaume

~

Mikoroshini,
20 Januari 1997

Mpwa wangu Hafidha,

Ramadhani njema. Nakuandikia kabla ya kufuturu, kichwa kikiwa chepesi, kwa hiyo nisamehe nikikosea mpangilio ambao wewe unaupenda.

Wapimaji wamekuja. Ni vijana wastaarabu. Walivua viatu walipoingia barazani. Wametuonyesha ramani ya barabara mpya, na kwa kweli ni barabara ya kupendeza, pana kama uwanja. Kwa sababu ya daraja lake jipya, hifadhi yake ya pembeni nayo ni pana. Wamepiga vigingi pande zote mbili, wakapaka alama nyekundu kwenye kila kilichoingia ndani. Banda langu limeingia, na jiko la Mwanahawa limeingia. Hayo si kitu, makuti yapo, tutajenga.

Lakini makaburi yameingia, Hafidha. Yote ya upande wa mashariki. Mama yako yuko safu ya kwanza, unapajua. Yule kijana hakupata ukuta wa kupaka rangi, akapaka lile jiwe la kichwani.

Nilimuuliza kwa upole, “Mwanangu, haiwezekani barabara ikajisogeza kidogo?” Akasema, “Mzee, upana huu tumepewa na ofisi, kutokana na idadi ya magari yenu.” Nami nikajua kwamba ofisi hiyo ni wewe. Hebu zungumza nao. Hatuikatai barabara. Twaomba iwe nyembamba hapo tu, mahali pa wafu, kisha ijinyooshe itakavyo.

Mjomba wako,
Mfaume

~

Dar es Salaam,
1 Februari 1997

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na swaumu njema. Nimeisoma barua yako, na pale pa lile jiwe nimeparudia mara nyingi.

Ninakujibu jambo ambalo sikutaka kukujibu. Upana wa barabara hautokani na matakwa ya mtu, wala ofisi yetu haiupangi kwa kuwapenda au kuwachukia watu fulani. Unatokana na hesabu. Magari yakiwa machache, barabara hubaki nyembamba na ya daraja la chini. Yakiwa mengi, hupanuliwa, maana barabara nyembamba yenye magari mengi huua. Hesabu ya Mikoroshini ni yale yaliyopita mbele ya nyumba yako. Mimi niliyaandika tu. Nikiipindisha hesabu kwa ajili ya kaburi la mama yangu, kesho mwingine ataipindisha kwa ajili ya shamba lake, na utafiti utakuwa hauna tofauti na uvumi.

Nimelia, Mjomba. Lakini nimefikiri pia kwamba mama alikufa kwa kukosa barabara hii hii. Naomba uzungumze na Maalim Mwinjuma kuhusu namna dini inavyoruhusu kuhamisha wafu pale ambapo hapana njia nyingine. Gharama zote za heshima yake nitazibeba mimi.

Nisamehe kwa ugumu wa maneno haya.

Hafidha

~

Mikoroshini,
Idi pili, Februari 1997

Mpwa wangu,

Idi njema! Umeniondolea mzigo mkubwa kifuani. Kumbe jambo lenyewe ni hesabu tu! Mimi nilidhani ni amri ya wakubwa ambayo haitenguki.

Basi sikiliza. Yale tuliyoyaongeza wenyewe, yapunguzeni. Sisi hatutalalamika.

Labda sikuwahi kukuandikia kwa kirefu, maana ilikuwa zawadi, na zawadi haielezwi. Ile Ijumaa ya kwanza baada ya barua yako tulikuwa na msaragambo wa kitongoji kizima wa kuziba mashimo ya barabara, kama ilivyo desturi. Tukaulizana: shimo likizibwa mvua italifukua, lakini hesabu ikiandikwa nani ataifuta? Tukaona msaragambo wa mwaka huu uwe kumsaidia Hafidha na sanduku lake. Baada ya swala Tahiri alileta lori. Mnunuzi wa korosho alituazima trekta na tela, tukamwambia twasomba mchanga, wala hatukumdanganya, maana mchanga tuliupakia ili magurudumu yawe mazito. Vijana wakaja na mikokoteni. Tukapita mpirani, tukageuza pale kwenye mchongoma, tukarudi, tukapita tena.

Ungewaona! Mwanahawa alikaa mbele kwa Tahiri, hakuwa amepanda gari tangu enzi za pantoni ya zamani.

“Bibi, tumerudi tena hapa hapa,” Tahiri akamwambia.

“Endesha wewe! Kwani mimi nina haraka ya kufika?”

“Mafuta yananiishia.”

“Na sie miguu imetuishia miaka mingapi, nani alituuliza? Pita hapo, tuhesabiwe.”

Akina mama waliimba kila Ijumaa hadi mafundi walipokuja kulichukua sanduku. Hakuna aliyekosa zamu ila wagonjwa.

Kwa hiyo nenda kwa mkubwa wako, mwambie kwa adabu: yale ya Ijumaa ni ya wenyeji, ayatoe. Barabara ibaki na upana wa kutosha magari ya kweli, na mama yako abaki alipo.

Mjomba wako mwenye furaha,
Mfaume

~

KWA MKUU WA KITENGO
Kutoka: Hafidha Abdulkarimu, Mtafiti Msaidizi
24 Februari 1997

Yah: Hesabu za kituo cha Mikoroshini

Mheshimiwa Dakta Haitham,

Chumba chako ni cha pili kutoka changu, nawe ungeweza kushangaa kwa nini nakuandikia. Ni kwa sababu kwa mdomo ningelegea.

Hesabu za Ijumaa katika kituo cha Mikoroshini si sahihi. Sanduku halikukosea. Wakazi walipitisha lori moja, trekta moja na mikokoteni juu ya mipira, kwenda na kurudi, kila wiki, kwa makubaliano ya kitongoji kizima. Hawakufanya hivyo kwa hila. Waliiona mashine kuwa mgeni wa serikali, wakampokea mgeni kama walivyofunzwa kuwapokea wageni wa serikali tangu zamani. Walijua pia, kwa sababu mimi mwenyewe niliwaambia, kwamba pasipo magari hapatafika kitu.

Safari zilizofichika, ambazo nimezielezea katika sura ya nne, hazipo. Nilijenga nadharia juu ya lori moja lililokuwa likizunguka mchongoma. Mwendo wa polepole ulipaswa kunishtua, uzito wa mizigo ulipaswa kunishtua, na jibu la mjomba wangu nilipomuuliza kuhusu biashara ya Ijumaa lilipaswa kunishtua zaidi. Sikushtuka, kwa kuwa nadharia niliyoipata ilikuwa nzuri kuliko niliyostahili.

Sina namna ya kutenganisha magari ya kweli na yale ya msaragambo kwa siku nyingine, kwani nasikia na siku ya Maulidi palikuwa na wapitaji. Kwa hiyo naomba hesabu yote ya kituo hicho ifutwe kabla ripoti haijapelekwa kwa wafadhili. Natambua kitakachofuata kwa barabara, na kwa nafasi yangu ya masomo.

Naomba tu lisiandikwe popote kwamba watu wa Mikoroshini ni waongo.

Hafidha Abdulkarimu

~

Mikoroshini,
27 Februari 1997

Mpwa wangu Hafidha,

Natumaini barua yangu ya Idi haijakufikia, au kama imekufikia, hujafanya nayo lolote. Usifanye. Waambie wasipunguze kitu.

Niliwaeleza watu barazani kwamba dawa imepatikana, hesabu itapunguzwa na makaburi yatabaki. Nilidhani watashangilia. Badala yake Tahiri akauliza, “Ikipunguzwa, lami itafika?” Nikasema huenda isifike. Basi maneno yakaanza, mpaka Mwanahawa akasimama. Unajua yeye na mama yako walikuwa kama mtu na dada yake.

“Zaitun alikufa kwa kukosa barabara,” alisema. “Nilikuwa naye lorini, mimi na huyo mtoto wake. Leo mwataka yeye huyo huyo awe sababu ya kuikosa? Mwenyewe angeamka angewapiga makofi.”

Maalim Mwinjuma alisema jambo hili halipendezi ila kwa dharura, na kwamba kama njia ya kupeleka wagonjwa hospitali si dharura, basi yeye hajui dharura ni nini. Tukakubaliana kuhamisha wafu wote wa upande wa mashariki. Watu waliogopa kuanza. Mimi ni mwenyekiti, nikasema wa kwangu atangulie.

Tumemhamisha jana, Hafidha. Tulizungushia shuka, tukafanya taratibu, hakuna aliyesema neno lisilofaa. Sanda mpya alitoa Mwanahawa. Yuko nyuma ya madrasa sasa, kwenye kivuli, udongo wa huko ni mwekundu na mgumu. Tulichelewa kumfunika kwa sababu watu wote walitaka kutia udongo, hata waliokuwa hawajazaliwa alipofariki.

Sikukuita kwa kuwa ningekuita usingekubali tuendelee, nami nisingeweza kukukatalia.

Wengine watafuata wiki ijayo. Mvua imewahi mwaka huu na lori la Tahiri limenasa Ndundu, sijui barua hii itapita lini. Naiandika hivyo hivyo.

Mjomba wako,
Mfaume

~

Kitengo cha Utafiti wa Usafiri,
11 Machi 1997

Ndugu Hafidha Abdulkarimu,

Barua yako ya tarehe 24 Februari imepokelewa na kufanyiwa kazi. Hesabu ya kituo cha Mikoroshini imefutwa. Kwa kukosa takwimu, kipande cha kusini mwa mto kimeondolewa katika mapendekezo ya kupandishwa daraja, na kitaendelea na matengenezo ya kawaida. Vigingi vitang'olewa msimu wa mvua ukiisha. Hakuna kasma ya fedha ya kurudia utafiti.

Nafasi ya masomo amepewa mwombaji mwingine. Utabaki na cheo chako, jambo ambalo nililazimika kulitetea.

Neno “waongo” halijaandikwa. Limeandikwa “mazingira yasiyo ya kawaida”. Binafsi nakuheshimu kuliko nilivyokuheshimu Oktoba. Najua heshima hiyo haijengi barabara.

Dk. Haitham Salmini

~

Dar es Salaam,
18 Machi 1997

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako imefika leo. Imelowa na wino wake umechuruzika, lakini mahali pa mama panasomeka.

Sina njia laini ya kukueleza. Niliiandikia ofisi siku tatu kabla ya wewe kuniandikia. Hesabu imefutwa yote, si ya Ijumaa peke yake. Barabara haiji. Kama hamjamhamisha mwingine, tafadhali acheni. Kila mtu abaki alipo.

Tangu asubuhi najiuliza kama ningeandika vile iwapo barua yako ingenifikia mapema. Nimejaribu kujidanganya kwamba nisingeandika, kwa sababu ingekuwa faraja kukuambia kwamba kosa ni la mvua. Ningeandika, Mjomba. Ningejua mama amekwisha kuhamishwa na bado ningeandika, na hilo ndilo linalonitisha. Barabara pana yenye magari ya uongo ingejengwa kwa nguvu zilizotakiwa pahali pengine, na pahali hapo pengine pia pana mtu anayepakatwa lorini. Sijui jina lake. Wewe na Bibi Mwanahawa na Tahiri nawajua kwa majina, nami nimewanyima ninyi.

Mlinipa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupewa, na mimi nimekirudisha bila kuwauliza. Sijui neno la kuombea msamaha wa jambo kama hilo. Kama lipo, lichukue kana kwamba nimelisema.

Hafidha

~

Mikoroshini,
4 Aprili 1997

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma peke yangu. Ni ya kwanza kutoka kwako ambayo sikuisoma barazani.

Makaburi mengine tulikuwa tumekwisha kuhamisha matano. Yaliyobaki tumeyaacha. Sasa kitongoji kina wafu pande mbili, na mtu akienda kuzuru huuliza kwanza wapi.

Watu wanataka kujua kwa nini barabara imekufa. Nimewaambia kwamba ni mimi. Nimesema niliandika moja kwa moja kwa wakubwa, nikawaeleza habari ya Ijumaa, kwa sababu ya uchungu wa kaburi la dada yangu. Wameamini upesi, maana wanajua nilivyokuwa nikilalamikia lile jiwe. Wamenivua uenyekiti, wamempa Tahiri. Si mabaya hayo, mimi nimechoka kusoma barua za watu. Mwanahawa ndiye anayenisumbua. Hanitukani. Ananipita tu, kama kwamba mimi ni mtu wa miguu.

Nimefanya hivi ili wewe uwe na mahali pa kurudi. Mimi ni mzee, naweza kuishi bila kusalimiwa. Wewe huwezi, hata huko mjini ukiwa na ofisi. Ulikwisha kuzisahihisha hesabu zako, ikawa. Hii moja niachie, usiisahihishe.

Sina kinyongo. Nilitaka upande ndege.

Mjomba wako,
Mfaume

~

Dar es Salaam,
12 Aprili 1997

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeomba likizo. Nitakuwa Kibiti Jumatano, na kama mabasi hayapiti ng'ambo nitavuka na kutembea, kama wanavyotembea wengine. Naamini nitafika kabla ya Idi ya kuchinja, watu wote wakiwa nyumbani.

Zawadi yako siipokei. Nilirudisha moja bila kuuliza, na hii narudisha nikikwambia mapema. Namwandikia Tahiri, kama mwenyekiti, kuomba nafasi ya kuzungumza barazani baada ya swala. Nitasema ni mimi niliyeandika, na kwamba wewe hukuandika kwa mtu yeyote ila kwangu. Watakachoamua juu yangu ni haki yao. Kama hawatanipa hata maji ya kunywa, nitalala kwako usiku mmoja, nitamzuru mama huko aliko sasa, nitarudi.

Bibi Mwanahawa namwogopa kuliko wote. Kwake nitakwenda kwanza, kabla ya baraza, na nitaingia kwa mlango wa jikoni. Naomba usimwambie kwamba nakuja. Nataka nimkute akiwa na kazi mikononi, ili akitaka kuninyamazia asihangaike kutafuta cha kufanya.

Mwanao,
Hafidha